Herufi za Mashine Moja

Walimwita Bibi Nukta, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Alilipata mwaka wake wa kwanza katika ofisi ya hati, pale alipompandisha karani mmoja ngazi mara nne aende akairudie karatasi, kwa ajili ya nukta moja tu ambayo haikutokea vizuri. Karani alirudi kwa wenzake jasho likimtoka, akasema, "Yule si bibi, yule ni nukta." Wakacheka, jina likakaa. Mwenyewe alinuna siku moja, ya pili akalizoea, ya tatu akalipenda. Katika herufi za Kiarabu, bee, tee na thee zina umbo moja, na pasipo nukta huwezi kujua nani ni nani. Mtu anayelijua hilo, alisema, aitwe Nukta na asione haya.

Tumpe haki yake kabla hatujamlaumu, maana lawama zipo na zinakuja. Kazi aliijua.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa ukumbi, ghorofa ya chini, chenye dirisha la nondo linalotazama ua wa magari. Ukutani vilipangwa vitabu arobaini na kimoja vya majalada ya ngozi, vizito, vyenye harufu ya ukungu na gundi ya kale. Vyote viliandikwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, na waandishi waliokwisha kuzikwa. Humo kila nyumba ya mitaa ya zamani ilikuwa na mstari wake: aliyeijenga, aliyeirithi, mpaka wake wa kulia na wa kushoto. Mwenye nyumba hakuwa na karatasi nyingine yoyote. Enzi hizo hukupewa hati ya kwenda nayo nyumbani. Ulifika, mnakili akaandika mstari, mashahidi wawili wakatazama kalamu inavyokwenda, mkaagana. Wanakili wale walikuwa na kanuni waliyorithishana: ushahidi mmoja, mahali pamoja. Nakala mbili, walisema, ni ugomvi unaosubiri siku yake. Ndiyo maana rasimu zote walizichoma.

Kitabu cha thelathini na saba kiliandikwa kwa mkono wa baba yake Bibi Nukta. Ukurasa wa tisini na mbili, mstari wa sita, ndiyo nyumba alimozaliwa, na ambamo mpaka leo alikuwa akiishi na dada yake mkubwa. Alijua mstari ule kama mtu anavyojua ngazi za kwao gizani.

Kwa miaka kumi na mitano kazi yake ilikuwa kuihamisha mistari hiyo kwenye kompyuta, katika safu mbili. Ya kulia aliandika Kiarabu kama kilivyo kitabuni. Ya kushoto aliandika kwa herufi za Kizungu, lakini zile zenye nukta chini na mstari juu, ili hata asiyejua alifu aweze kulitamka jina la babu yake sawasawa. Kila alhamisi alichapa kurasa za wiki kwenye printa, akaketi na mzee mstaafu waliyemwita Mhakiki, mmoja akisoma karatasi kwa sauti na mwingine akifuata kitabuni kwa kidole. Wakikubaliana, karatasi zilichanwa vipande vinne zikatupwa. Ushahidi mmoja, mahali pamoja. Yeye ndiye aliyesisitiza zichanwe.

Sasa tuseme hizo herufi zilikotoka. Alipoanza kazi, kompyuta ya ofisi haikuwa nazo, si za kulia wala za kushoto. Fundi wa ofisi siku hizo alikuwa mtu mrefu, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi, nao makarani wakamwita Fundi Miwani. Alimwambia, "Bibi, zikikosekana tutazichonga wenyewe." Akaketi miezi mitatu akichora herufi moja moja. Bibi Nukta akamwomba aige mkono wa kitabu cha thelathini na saba, na fundi hakuwa mtu wa kukataa. Siku alipomaliza, Bibi Nukta aliwasha mashine, akabonyeza kitufe kimoja, na alifu ya baba yake ikasimama kwenye kioo, imeinama kidogo kichwani vilevile kama mzee alivyoiinamisha. Alilia. Hakuona aibu kulia.

Fundi Miwani alisubiri amalize kujifuta, ndipo akasema, "Hizi ni zako na zangu tu. Nimeziweka mahali pasipo na mwenyewe, mahali ambapo mashine nyingine haziendi. Mimi nikiondoka, utabaki nazo peke yako."

"Basi nitatamba," alimjibu, akamtilia chai.

Alidhani ni sifa. Fundi alikufa miaka minne baadaye, na hakuna aliyewahi kuuliza mahali hapo pasipo na mwenyewe palikuwa wapi.

Mambo yalianza kwenda mrama jumatatu moja asubuhi. Ofisi ilikuwa imefungua tovuti wiki tatu zilizopita, na kazi yote ya Bibi Nukta ilikuwa imepandishwa humo, ili kila mtu aitafute nyumba yake akiwa kwake. Mwezi huohuo wapima barabara walikuwa wameanza kupita mitaa ya kale na kamba zao na ndoo ya rangi nyekundu. Hawakusema barabara itapita wapi. Walipima, wakaandika, wakaondoka, na kesho yake wakarudi kupima palepale.

Karani wa dirishani aliingia bila kubisha hodi.

"Bibi, watu wanalalamika. Wanafungua tovuti, wanaona vijisanduku."

"Vijisanduku vipi?"

"Vitupu. Safu ya Kiarabu yote visanduku, mstari mzima. Safu ya pili jina linaanza vizuri, kisha linatoboka toboka."

"Wanunue simu za maana," alisema Bibi Nukta, na hakuinua macho. "Mimi hapa naona kila kitu. Njoo utazame."

Karani akaja, akatazama. Kweli, kioo kilikuwa kimejaa maandishi mazuri, yaliyotulia, kila nukta kwake. Karani hakujua kusoma hata alifu, lakini uzuri aliuona. Aliondoka akijikuna kichwa. Bibi Nukta hata hivyo, kwa kuwa hakuwa mzembe, aliinua simu akampigia Mtaalamu, mwanamke kijana wa makao makuu aliyeijenga tovuti.

"Ni kivinjari tu, mama," Mtaalamu alisema, huku akisikika anatafuna kitu. "Simu nyingi hazina fonti ya Kiarabu. Kwangu pia naona visanduku, lakini mimi si msomaji wa hayo. Wewe unaona sawa?"

"Naona sawa."

"Basi data yako iko salama. Shida ni vifaa vyao."

Hapo ndipo mwiba ulipoingia mguuni, na mwenye mguu akasema ni vumbi.

Alasiri ileile Mkuu wa ofisi alishuka. Alikuwa na miaka miwili tu katika cheo, mtu wa sauti ya chini na viatu visivyolia sakafuni, hata ukageuka ukamkuta yuko mgongoni kwako. Alisimama nyuma ya kiti cha Bibi Nukta akitazama kioo.

"Kwako zinasomeka, bibi?"

"Vizuri kabisa, Mkuu."

"Kwako."

"Ndiyo, kwangu."

"Vizuri." Akaandika kitu kwenye kijidaftari, akakirudisha mfukoni. "Kesho utatia saini ya uhakiki. Vitabu vimeshambuliwa na ukungu, tena unajua kanuni yenu wenyewe. Ushahidi mmoja, mahali pamoja. Vikishahakikiwa vitakwenda kiwandani kusagwa."

Kuisikia kanuni ya baba yake ikitoka kinywani mwa Mkuu kulimfurahisha. Wala hakujiuliza Mkuu aliisikia kwa nani. Jumanne akatia saini, kwa kalamu ya wino, jina lake lote kwa herufi za Kiarabu. Karatasi ilisema kwamba amesoma kila mstari kwenye kompyuta, kuanzia kitabu cha kwanza hadi cha arobaini na moja, naye ameridhika. Na ni kweli alikuwa amesoma, na ni kweli aliridhika. Hakusema uongo hata neno moja, na hilo ndilo linalotisha.

Jumatano mchana, kabla hajafungua chakula chake, dada yake alipiga simu.

"Mdogo wangu, nimeitafuta nyumba yetu humu kwenye simu."

"Umeipata?"

"Nimepata namba ya ukurasa na mstari. Lakini nyumba yenyewe imeandikwa visanduku. Vimepangwa safu moja, vitupu vitupu, kama majeneza ya sisimizi."

"Simu yako ni ya zamani, Dada."

"Nimekwenda kwa jirani nikatazama kwa simu yake mpya, aliyoletewa na mwanawe. Majeneza. Halafu nisikilize. Wale wapima wapo nje hapa. Wamepima baraza yetu mara tatu leo. Nimewauliza mnataka nini, mmoja akanijibu, 'Tunasubiri tovuti tu, mama.'"

Bibi Nukta aliufunga mkebe wake wa chakula. Kusubiri tovuti, na tovuti imefunguliwa wiki tatu? Alitoka akavuka barabara mbili hadi duka la fotokopi, ambalo mwenyewe alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, wote wakimwita Mama Fotokopi, mtu aliyewahi kufufua kompyuta za nusu ya mji.

"Shikamoo, mama. Leo umetutembelea watu wa chini?"

"Marahaba, mwanangu. Nifungulie tovuti ya ofisi yetu. Kitabu cha thelathini na saba, ukurasa wa tisini na mbili."

Kikafunguka. Bibi Nukta aliinamia kioo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuitazama kazi yake kwenye mashine isiyo yake, na tukisema ya kwanza katika miaka kumi na mitano hatutii chumvi. Mstari wa sita ulikuwa visanduku mia mbili ishirini na tisa. Alivihesabu. Safu ya kushoto ilikuwa na jina la babu yake limeng'oka meno.

"Mashine yako haina Kiarabu," alisema, na akaisikia sauti yake inaomba.

Mama Fotokopi alifungua ukurasa mwingine, gazeti la nchi za Kiarabu, na kioo kikajaa Kiarabu, kirefu, kizuri, nukta zote zipo. Akafungua kamusi yenye zile herufi za nukta chini na mistari juu, nazo zikaja zote. Kisha akarudi kwenye mstari wa sita. Visanduku.

"Mashine yangu inayo, mama," alisema taratibu. "Tatizo si kioo. Ngoja."

Akanakili kisanduku kimoja, akakibandika kwenye kijiprogramu fulani, akasoma kinachosema. Uchangamfu wote ulimtoka usoni.

"Nani alikuwekea hizi herufi?"

"Fundi wetu. Amekwisha kufa."

"Kompyuta haihifadhi umbo, mama. Inahifadhi namba. Kila herufi duniani ina namba yake, alifu ina yake, bee ina yake, na mashine zote zimekubaliana. Huyu fundi wako hakutumia namba za alifu na bee. Alitumia namba za akiba, zile zilizoachwa bila mwenyewe, mtu afanye atakavyo. Akachora alifu juu yake. Mashine yako inaijua ile picha. Mashine nyingine zote zinaona namba isiyo na maana, zinaweka kisanduku." Akageuka kumtazama. "Humu hamna Kiarabu. Hakijawahi kuwamo. Hata mkipeleka tovuti hii mwezini, ni visanduku tu."

Bibi Nukta alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, ndiyo iliyokuwa karibu. Vitabu arobaini na kimoja. Alikumbuka karatasi alizozichapa kila alhamisi, safi, sahihi, zikitoka kwenye mashine ileile iliyokuwa na picha zilezile, naye akizichana vipande vinne.

"Kuna dawa? Vitabu vyenyewe vinapelekwa kusagwa."

"Ipo. Leta lile faili la herufi zake. Tukiwa nalo, tunajua kila namba alichora nini juu yake, tunazigeuza zote kuwa herufi za kweli. Ni kazi ya siku chache. Liko wapi?"

"Kwenye mashine yangu."

"Na nakala?"

Bibi Nukta akatikisa kichwa. Nakala mbili ni ugomvi.

Mama Fotokopi alivuta droo akatoa flashi, akachana karatasi akamwandikia hatua moja moja, bonyeza hapa, fungua pale. "Nenda sasa hivi. Saa nane na nusu, ofisi yenu hufungwa saa kumi. Au nije nawe?"

"Wageni hawaruhusiwi."

"Basi nenda, mama. Na vile vitabu, wazuie wasiviguse. Usingoje."

Alikwenda. Mimi ninayesimulia ningependa kusema alikimbia, na kwamba hadithi hii iliishia hapo kwa furaha. Alifika getini pa ofisi saa tisa kasorobo. Uani lilikuwa limesimama lori lenye turubai, na wachukuzi wawili wakitoka chumbani kwake na vitabu begani, wakivibwaga ndani ya lori bila huruma, vumbi likiruka. Cha ishirini na nane. Cha ishirini na tisa. Cha thelathini. Kisha wakafunga turubai, dereva akasema kumi na kimoja vilivyobaki ni kesho.

Angeweza kupiga kelele. Mdomo ulikwishafunguka. Lakini dirishani pa chumba chake aliona vichwa vingi, makarani wamejaa, Mhakiki kavaa koti lake la zamani, na ukutani wamebandika karatasi kubwa ya hongera yenye jina lake. Karani wa dirishani alimwona, akapunga mkono.

"Bibi Nukta! Njoo bwana, tunakungoja wewe! Mkuu amesema jina lako linaandikwa kwenye ubao wa heshima!"

Miaka kumi na mitano watu hawa aliwapandisha ngazi kwa ajili ya nukta. Aliwaita vipofu, aliwaita wavivu, mmoja alimwambia mbele ya wenzake kwamba mama yake alimzaa akiwa na haraka. Sasa aingie awaambie nini? Kwamba yeye, mwenye macho, ameandika vitabu arobaini na kimoja vya hewa? Na flashi aichomeke mbele yao, asome karatasi ya hatua kama mtoto wa darasa la kwanza, wamuulize, "Unafanya nini, bibi?"

Alijiambia kwamba vitabu kumi na kimoja bado vipo, na cha thelathini na saba kimo humo. Alijiambia mashine haina miguu. Kesho asubuhi na mapema atafika kabla ya wote, atafanya kimyakimya, atamwona Mkuu faragha, mambo yatapangwa kwa heshima. Alimpungia karani mkono, akashika kichwa kuonyesha kinauma, akageuka nyumbani. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Jioni dada yake alimtazama akisukuma chakula upande huu na upande ule wa sahani.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Mficha uchi hazai, mdogo wangu."

"Nimesema hakuna kitu, Dada."

Nje, kwenye nguzo ya baraza yao, mtu alikuwa ameweka kijialama kidogo cha chaki. Dada alikifuta kwa kanga. Walipokwenda kufunga mlango walikikuta kimerudi.

Alhamisi alikuwa getini kabla ya saa moja. Mlinzi alimwamkia, akamwambia, "Leo kila mtu kawahi, bibi. Lori limeshaondoka." Alipita ukumbini akisikia viatu vyake vinalia peke yake. Flashi alikuwa ameishika mkononi, imelowa jasho.

Rafu zilikuwa tupu. Zote. Mahali vitabu vilipokaa palikuwa na alama nyeusi za ukungu ukutani, arobaini na moja. Ile karatasi ya hongera ilikuwa bado imebandikwa. Na mezani pake, pale pale mashine yake ilipokaa miaka yote, palikuwa na kompyuta mpya, nyembamba, imefungwa utepe.

"Zawadi yako," ilisema sauti ya chini mgongoni.

Bibi Nukta hakugeuka. "Mashine yangu iko wapi?"

"Ile ilichoka, bibi. Imefutwa jana jioni na kupelekwa pamoja na vitabu. Ndiyo kanuni, hatuachi taarifa za watu kwenye mashine za kutupa. Kazi yako yote iko kwenye tovuti. Washa uone."

Akawasha. Fundo la utepe lilimshinda, Mkuu akamsaidia kulifungua, kwa adabu. Tovuti ikafunguka. Kitabu cha kwanza, ukurasa wa kwanza. Visanduku. Akaenda cha kumi. Visanduku. Akaenda cha thelathini na saba, na alipofika ukurasa wa tisini na mbili alikuwa haoni tena vizuri kwa machozi, ila visanduku alivijua. Mkono wa baba yake haukuwa mahali popote duniani.

"Kwako zinasomeka, bibi?" aliuliza Mkuu.

Sasa ndipo alipomsikia. Tangu siku ya kwanza mtu huyu hakuwahi kuuliza kama zinasomeka. Siku zote aliuliza kama zinasomeka kwake. Akageuka akamtazama usoni, na uso ule haukuwa na mshangao wowote.

"Ulijua."

"Mimi sijui Kiarabu, bibi. Ndiyo maana tulikutegemea wewe."

"Hazisomeki," alisema. "Sikiliza, Mkuu, hazisomeki. Zilisomeka kwenye ile mashine tu. Lipigie simu lori. Lipigie, nakuomba, nitasema kwa maandishi kwamba nilikosea, nifukuze, chochote. Lakini lizuie."

"Pole sana." Akatoa kile kijidaftari, akakifungua. "Jumatatu, saa tisa na robo, zinasomeka vizuri kabisa. Jumanne, saini. Tarehe ninayo. Sasa bibi, nikikuamini leo, nitakuwa nimekukanusha wewe mwenyewe wa juzi." Akatoka, viatu havikulia.

Mama Fotokopi alilia alipoambiwa. Alijaribu siku mbili. Alisema angeweza kukisia namba ipi ni herufi ipi kwa kuhesabu zinavyojirudia, apewe tu ukurasa mmoja wa asili wa kulinganishia, maana safu ya kushoto ilikuwa na matundu mengi mno. Ukurasa mmoja, mama, hata nusu. Bibi Nukta alipekua nyumba nzima, kila mfuko, kila sanduku, chini ya magodoro. Hakuwahi kuchukua hata kipande nyumbani. Alikuwa mwaminifu mno. Akasema basi atayaandika ya kichwani, wakakaa wakilinganisha, lakini ijumaa mchana tovuti ikafungwa, na penye majina ya mitaa ya kale pakawekwa tangazo fupi: nyumba ambazo kumbukumbu zake hazisomeki zitahesabiwa kuwa hazina kumbukumbu, wala barabara haitazilipia fidia.

Jumatatu wapima walikuja na ndoo yao ya rangi nyekundu, ile ya kutia alama ya kuvunjwa. Walikuwa wawili, na yule mkubwa wao hakuwa mtu mbaya, alivua kofia alipomsalimia Dada. Dada alikuwa kasimama mlangoni na simu mkononi kama mtu aliyeshika kitambulisho. Humo alikuwa amehifadhi picha ya ukurasa kabla tovuti haijafungwa.

"Nyumba yetu imeandikwa," alisema. "Hii hapa. Mstari wa sita."

Mpima akachukua simu, akakunja macho. "Hapa pameandikwa nini, mama?"

Bibi Nukta alitoka nyuma ya dada yake. Hakuitazama simu. Alifumba macho akaanza kusoma, kwa sauti aliyozoea kumsomea Mhakiki, bila kukwama popote: nyumba ya mawe yenye mlango wa magharibi, mpaka wake wa kulia kisima cha wote, mpaka wa kushoto ukuta wa mwuza kamba, kaijenga fulani kwa mali yake, kairithi fulani mwanawe, wakishuhudia fulani na fulani, siku ya tatu ya mwezi. Majirani walikuwa wametoka, na mmoja mmoja wakaanza kumsogelea, kila mtu akitaka asomewe ya kwake. Zilikuwa nyumba elfu sita mle vitabuni. Ya moyoni alikuwa nayo hii tu.

Mpima alingoja hadi akamaliza.

"Maneno mazuri, mama. Nani aliyaandika kitabuni?"

"Baba yangu."

"Na nani aliyahamisha kwenye kompyuta?"

"Mimi."

"Na nani ameyahakiki?"

"Mimi."

"Na mwenye nyumba ni nani?"

Alifumbua macho. Dada yake alikuwa anamtazama, na ndoo ilikuwa wazi.

"Sisi," alisema.

"Mwamba ngoma huvutia kwake, mama," alisema mpima, tena kwa upole, kisha akachovya brashi.